Mtandio wa Hariri wa Bi. Kaneez

Tarehe 30 Novemba Bi. Kaneez Batool anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchukua damu katika zahanati yetu ya kijiji cha Basti Nurewala. Ni vigumu kumpata mkulima wa pamba huku ambaye hajaonja sindano yake, na wengi waliionja huku wakicheka, maana alikuwa na maneno huyu mama.

Alianza kazi enzi ambazo wanaume waliamini kwamba bilauri ya maziwa na kipande cha sukari guru kabla ya kupiga dawa ya wadudu shambani vinamaliza sumu yote. Walikuja wakitetemeka, macho mekundu, matumbo yamejaa maziwa. Aliwapima, akawagombeza, wakaelewa. Waliomshinda ni wake zao.

Hapa kwetu pamba huchumwa na wanawake. Mtandio ambao mwanamke anaufunga kiunoni kubebea pamba yenye dawa, jioni anajitanda huohuo kurudi nyumbani, kisha anamlaza mtoto juu yake. Bi. Kaneez alihubiri mpaka sauti ikamkauka. Sughran Mai, mchumaji hodari na mbishi wa kupindukia, alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, na damu yake ilizidi kupungua kila msimu. Alipoambiwa auache mtandio shambani, alijibu mbele yetu sote wafanyakazi wa zahanati: "Nipite kijijini kichwa wazi, dada? Wee! Afadhali hiyo sumu inimalize."

Basi Bi. Kaneez akavua mtandio wake wa hariri, aliozawadiwa harusini mwake, akamtanda Sughran, akachukua ule wa Sughran wa kubebea pamba. Siku hiyo alifanya kazi amejifunika taulo la maabara. Kwetu wanawake wakibadilishana mitandio wamekuwa ndugu, na mtandio wa ndugu haubebi pamba. Sughran akawa amenasa. Akashona gunia la kuchumia, na gunia likawa linalala shambani.

Wenzake wakaona wivu, nao wakadai undugu. Kabati la Bi. Kaneez likabaki tupu, na mumewe akaanza kunung'unika: "Nilioa mke mmoja, nimepata mashemeji wa tarafa nzima!" Harusi zote za jamaa zao alihudhuria, nasi tukamshikia zamu.

Lakini tulikuwa na hofu. Damu ya Sughran ilipanda kwa kusuasua, na mwaka huu akashika mimba tena. Jumanne iliyopita Bi. Kaneez alimtoa damu, sindano yake ya mwisho kazini. Majibu yalipotoka mazuri, na mtoto anacheza vizuri tumboni, aliketi sakafuni akalia. Sisi tuliokwenda kumtuliza tukalia kumzidi. Alhamdulillahi, tumepumua.

Sughran ameshatangaza kwamba mtoto atapokelewa katika ule mtandio wa hariri, ambao haujawahi kuona shamba.

Bi. Kaneez, asante kwa mkono mwepesi na ulimi mkali. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, ila usipumzike sana: mwezi ujao unakuwa mama mkubwa, na kazi hiyo haina kustaafu.