Mama Meno Anaondoka, Mada ya Lita Inarudi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne katika idara ya mitaala, Mama Meno anakabidhi funguo za chumba namba saba. Jumatatu saa nne asubuhi kamati inakaa kuamua kama mada ya kupima lita irudishwe darasa la kwanza. Tarehe hizo hakuzipanga yeye.

Alitoka kufundisha watoto wadogo, akaletwa kuandika kitabu cha hisabati. Mimi nilikuwa tarishi; shule yangu ilikuwa stoo ya makaratasi. Ndiye aliyenipa jedwali la kwanza, akaniambia nihesabu majibu ya watoto, sifa za wakubwa niziache zilivyo.

Jina lake lilizaliwa kwenye jaribio moja, la kuona kama mada ya lita inafaa darasa la kwanza. Shule ilituletea watoto arobaini, wote eti wa miaka sita. Maji yakamiminwa kutoka glasi fupi pana kwenda glasi ndefu nyembamba. Watoto thelathini na sita wakasema ni yaleyale. Wakubwa wakapiga makofi. Mama akawaomba watoto watabasamu. Thelathini na mmoja walikuwa na meno mapya ya mbele, juu na chini, mapana kama koleo, ambayo mtoto wa miaka sita huwa hajayaota yote. Mwalimu mkuu, kwa kuogopa aibu, alikuwa ametuchagulia wa darasa la tatu.

Tukarudia na wa miaka sita kweli. Tisa tu kati ya arobaini. Waliobaki waliapa kwamba glasi ndefu ina maji mengi. Afisa mmoja akawaita vichwa vigumu, naye Mama akamjibu taratibu: "Mtoto hajakosea, baba. Hajafika tu."

Mada ikahamia darasa la tatu, na kwa miaka kumi na tisa haikuguswa. Sasa tunaambiwa watoto wa siku hizi ni moto. Ripoti mpya inasema asilimia tisini wamefaulu, yaani thelathini na sita kwa arobaini, ileile. Nimeuliza mara tatu meno yalikuwaje. Nafasi ya Mama haijatangazwa, na mimi kwenye kamati ni mwandika kumbukumbu, sina kura.

Mama, asante kwa kila mtoto ambaye hakuitwa mjinga kwa sababu ya ukurasa uliomjia mapema mno. Glasi zako mbili ninazo. Jumatatu nitaingia nazo na nitaomba kusema. Pumzika vyema, cheza na wajukuu, uwe na afya tele. Ila saa nne hiyo, tafadhali, simu usiizime.