Kengele Tuliyoikatiza: Risala ya Chumba cha Hesabu za Mawimbi kwa Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Huduma za Dharura. Mkuu wetu wa karakana. Nanyi madereva wa magari ya wagonjwa mliosimama kule nyuma ingawa viti vipo: tunawasalimu kwa heshima, na kwa macho yaliyoinama.

MAKARIBISHO

Karibu. Utepe umefungwa, mkasi uko kwenye sahani mbele yako, na antena mpya unaiona pale juu ya paa, imepakwa rangi ikapakika. Tunakuomba usiushike mkasi kabla hujatusikia hadi mwisho.

HISTORIA FUPI

Ulituagiza antena moja ya masafa mapana, iwahudumie zimamoto, hospitali na magari ya wagonjwa, ili ile kuukuu iteremshwe. Kabla ya kukata chuma, sisi huijenga antena ndani ya kompyuta. Programu huipiga pigo moja fupi la umeme, kama mtu anavyogonga kengele, kisha huufuata mlio wake hatua kwa hatua. Pigo hilo moja hutoa majibu ya chaneli zote kwa mkupuo. Sharti lake: usiondoe sikio hadi kengele inyamaze.

Kuipanga programu hiyo ni kazi ya mwenzetu tunayemwita Bingwa. Aliigawa antena na hewa inayoizunguka katika vijichumba, akavifanya vidogo zaidi penye kona, akaweka kingo za kumeza mawimbi yasirudi. Hapo hakukosea. Akaiagiza isimame nishati ikibaki chembe tu.

Kengele ikagoma kunyamaza. Mstari kwenye skrini ukawa unashuka kwa kutambaa, nayo tarehe yako inakuja mbio.

"Bingwa, unachemsha maharage au mawe?" tulimtania.

"Inakaribia, jamani."

"Na mgeni anakaribia. Kata!"

Bingwa alitutazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumwambia asikate. Hakumpata. Akapunguza ukomo wa muda, na programu ikasimama kengele ingali inalia. Majibu yakatoka na viwimbi mithili ya bati la paa. Hiyo ni alama ya hesabu iliyokatizwa. Hakuna kati yetu asiyeijua. Tukamwambia ailainishe, viwimbi visionekane. Akailainisha. Mstari ukanyooka, ukapendeza, tukakuletea ripoti ukaisaini.

MAFANIKIO

Sehemu hii ilikuwa ndefu kuliko zote. Tumeifuta.

CHANGAMOTO

Antena ilipopandishwa, tuliijaribu kwa chaneli za zimamoto na hospitali. Zilipoitika, tukapigiana makofi, tukaenda kula. Jana asubuhi shemeji yake Bingwa, dada wa mkewe, ambaye ni dereva wa gari la wagonjwa, aliijaribu chaneli yao akiwa bondeni nyuma ya soko. Kisha akapiga simu.

"Shemeji, naita, naitikiwa na upepo. Antena yako inabagua watu?"

"Jaribu tena. Labda hujabonyeza vizuri."

"Mimi nabonyeza redio tangu hujaja kuposa kwetu! Kesho mnaishusha ile ya zamani. Nikiwa na mama mwenye uchungu humu ndani, nimwite nani? Wewe?"

Bingwa alirudi kwenye kompyuta, akaiendeleza hesabu palepale tulipoikatiza, akakaa kando yake kama anayeuguza. Leo, viti hivi vikipangwa, kengele ikanyamaza yenyewe. Viwimbi vikatoweka, likabaki shimo moja jembamba kwenye mstari, refu kwenda chini, palepale penye chaneli ya magari ya wagonjwa. Kibano cha chuma kinachoishika antena ndicho kilichokuwa kikilia chinichini muda wote ule. Sisi tulisema kompyuta ni nzito. Kumbe antena ilikuwa inatutajia ugonjwa wake, nasi tukaiziba mdomo ili tukupendeze.

MAOMBI

Mheshimiwa, mafundi wamekwisha kuvaa mikanda ya kupandia paa. Tunakuomba uwaamuru waivue. Antena kuukuu ibaki juu, iendelee kuitikia.

Utupe nafasi ya kubadilisha kibano na kuirudia hesabu mpaka inyamaze. Safari hii hatutakuahidi siku.

Kuhusu Bingwa, kidole kilikuwa chake, lakini sauti iliyosema "kata" ilikuwa yetu. Adhabu ikija, itukute tumekaa naye benchi moja.

Na mkasi huo, tunaomba umkabidhi shemeji yake, yule pale nyuma aliyekunja mikono. Utepe aukate yeye, siku atakayoita kutoka bondeni akaitikiwa.

Mwenyezi Mungu akurudishe nyumbani salama, na amjalie kila anayeita kwa shida apate wa kumjibu.

Ni sisi, tunaoona haya,
Wafanyakazi wa Chumba cha Hesabu za Mawimbi.