Aliyetunza Machela: Mwalimu Agnetha Kokugonza Muhwezi, 1968–2025

Baba Mchungaji, wazee wa usharika, walimu, ndugu na majirani, historia hii imeandikwa na mume wa marehemu, Mwalimu Edgar Muhwezi, na mdogo wa mume huyo anaisoma kama ilivyo, kwa kuwa mwandishi ameomba lisiongezwe neno wala lisipunguzwe.

Mwalimu Agnetha Kokugonza alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, Kanoni, Karagwe, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa mzee Rwegoshora na mama Vero, wakulima wa migomba na kahawa, akabatizwa siku ya Pasaka ya mwaka huohuo, na mama yake alipenda kusimulia kwamba maji yalipomgusa kichwani hakulia, alimkazia macho mchungaji mpaka mchungaji akacheka.

Alisoma elimu ya msingi Kanoni kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1986, kisha akajiunga na chuo cha ualimu na kuhitimu Novemba 1988. Januari 1989 alipangiwa kufundisha Bugomora, na mwaka 1994 akahamia hapa Nyakatuntu, ambayo leo iko Wilaya ya Kyerwa, enzi hizo ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Karagwe, akabaki hapo mpaka mwisho, karibu muda wote akifundisha darasa la kwanza na la pili, kwa hiyo wengi waliokaa leo chini ya turubai hili, wakiwemo wenye mvi, walishikwa mkono naye wakaandika herufi ya kwanza ya majina yao.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa takatifu na Edgar Muhwezi, mwalimu wa hesabu, nao wakajaliwa watoto watatu, Ainebyona aliyezaliwa mwaka 1995, Kyarisiima mwaka 1998 na Ainomugisha mwaka 2003, ambao wote wapo hapa.

Mwaka 2006 kitongoji kilimkabidhi machela yake, miti miwili ya mkaratusi na turubai lililoshonwa kwa kamba ya katani, kwa sababu nyumba yake iko katikati ya kilima na kutoka hapo hadi barabara ya magari ni kilomita tatu za njia ya miguu. Mwalimu Agnetha aliitundika kwenye ukuta wa jiko, akaifua kila ilipotumika, na akafungua daftari ambamo aliandika jina la kila mgonjwa aliyebebwa, tarehe, na majina ya waliombeba. Daftari hilo lina wagonjwa themanini na watatu, thelathini na mmoja wao wakiwa akina mama wenye uchungu wa kujifungua, na kwenye jalada la ndani kuna orodha ya wanaume ishirini na wawili walioahidi kwa midomo yao wenyewe kwamba wakiitwa watakuja.

Kwa machela hiyo aliwafundisha watoto wa shule ya Jumapili maana ya *okwesiga*, neno letu la kumtumaini Mungu. Alimlaza mtoto mmoja juu yake, akawaambia wengine wanne wainue, kisha akamuuliza aliyelala kama anaiona miguu ya wanaombeba, na mtoto alipojibu, "Sioni, mwalimu, naona mbingu tu," alisema huko ndiko kumtumaini Mungu, kulala bila kuiona miguu, halafu akawageukia wale wanne na kuwaambia kwamba Mungu ameazima mabega yao, wasije wakayadai kabla hawajafika.

Julai mwaka huu uvumi wa homa ya kutapika damu ulipanda kilima hiki. Mzee Benjamin, mume wa jirani yetu Mukantabana, alifariki tarehe 6 Julai baada ya kutapika damu, na ingawa wataalamu walichukua vipimo na majibu yakasomwa mbele ya mkutano wa kijiji kwamba haikuwa homa hiyo, msiba wake ulikuwa na watu tisa, na kwa wiki nne hakuna aliyevuka kizingiti cha mjane wake isipokuwa Mwalimu Agnetha, aliyempelekea ndizi na maharage kila jioni na kukaa naye mpaka zimeliwa. Mumewe alipomuuliza kama haogopi, alijibu, "Naogopa sana, baba Ainebyona, ndiyo maana nasali njiani. Ningekuwa siogopi ningesali nikiwa nyumbani."

Kuugua kwake hakukuwa kwa muda mrefu. Siku ya Jumanne, tarehe 19 Agosti 2025, saa moja asubuhi, alishikwa na maumivu makali ya tumbo akatapika damu, na saa moja na dakika kumi mumewe alianza kuwapigia simu wanaume ishirini na wawili wa kwenye daftari. Saba hawakupokea. Kumi na watatu walipokea, wakauliza kama anatapika damu, na walipojibiwa ukweli wakasema, karibu wote kwa maneno yaleyale, "Pole sana mwalimu, tuko pamoja katika maombi." Gari la kukodi lilifika barabarani saa tatu, na dereva wake akakuta watu wa kumwonya asikanyage kilimani, lakini hakukuta mtu wa kupanda naye. Walioitika ni wawili, Desderius, mfugaji, ambaye mwaka 2016 alibebwa kwenye machela hiyohiyo mguu ukiwa umevunjika, aliyeacha ng'ombe wake malishoni akatembea kwa muda wa saa nne kufika, na Elick, mwalimu mwenzake Agnetha. Machela inahitaji watu wanne, na walikuwa watatu pamoja na mumewe, mpaka Mukantabana, akiwa bado na kitambaa cha eda kichwani, alipokaza kanga kiunoni akashika mti wa nyuma, jambo ambalo mwanamke hajawahi kulifanya katika kitongoji hiki. Mwalimu Agnetha alifumbua macho, akamtazama Mukantabana, akasema, "Andika kwenye daftari, wanaume watatu na mwanamume mmoja," na hata yeye mwenyewe akacheka kidogo.

Waliondoka saa saba kasoro dakika tano, wakapumzika mara kumi na moja, wakapita nyumba kumi na sita zilizofungwa milango, na katika tatu kati ya hizo nyimbo za maombi zilisikika. Hospitalini madaktari walimfanyia upasuaji jioni ileile, wakakuta kidonda cha tumbo kilichotoboka, ugonjwa usioambukiza mtu yeyote, na daktari aliandika kwamba mgonjwa alicheleweshwa mno. Alifariki Alhamisi, tarehe 21 Agosti, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba.

Tangu juzi watu wanaikumbusha familia hii kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu. Familia inaomba maneno hayo yasisemwe kaburini, kwa sababu siku ya kufa ni ya Mungu, lakini zile saa sita ni za Nyakatuntu, na hofu iliyojificha ndani ya sala ikajiita imani imemtukana Mungu na imemtukana marehemu, ambaye alimtumaini akiwa anatetemeka, na akaenda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania uhai wake kwa siku mbili, na walimu wenzake waliogharimia jeneza. Tunawashukuru majirani, nao ni Desderius, Elick na Mukantabana.

Jumatano mchana, akiwa kitandani, marehemu aliomba daftari, akataka safari ya themanini na nne iandikwe, nayo ikaandikwa. Mumewe alikuwa tayari amepiga mstari juu ya jina la kwanza kwenye orodha ya jalada, marehemu akauona, akamwambia aufute mstari ule na asimkate mtu, kwa kuwa siku nyingine huenda wakaogopa na bado wakaja. Mumewe hakukubaliana naye, na hadi sasa hakubaliani, lakini alitii. Majina ishirini na mawili yapo. Machela imefuliwa, imeanikwa, na kesho itarudi kwenye ukuta wa jiko, na atakayeugua apige hodi, mlango utafunguliwa.

Agnetha, umelala bila kuiona miguu ya anayekubeba, na huyu hatakutua njiani. Pumzika kwa amani.