Lupango ya Matete ya Mama Clotilde

Bandugu ba Kilwa na ba Nchelenge, mbele nisome maisha ya marehemu Clotilde, kila mutu aweke mukono ku kifua aape: haya maneno yabakie hapa, yasipande mu bwato, yasivuke ziwa. Munacheka? Ndiyo, mudomo yangu munaijua, lakini leo hata miye tante Arlène niko naapa.

Clotilde alizaliwaka Kilwa, ngambo ya Congo, tarehe 14 Julai 1979, akasomaka shule ya primaire kule kule, vita ikakuja, na mwaka 1999 akavuka na mama yake mpaka hapa Nchelenge, ngambo ya Zambia, sufuria moja ku kichwa, na kicheko ya kusikilikana mpaka kisiwa ya Chisenga. Kazi yake ilikuwa chisense, tule tusamaki tudogo, alikuwa anatununua ku balobi, bavuvi, asubuhi, anafunga kitenge ku kifua, mabega inje, anatuanika ku mchanga, anatugeuza mpaka tunakauka, na bacommerçants, bachuuzi ba samaki, balikuwa banamutafuta yeye kwanza. Tarehe 8 Septemba 2001 akaolewa na Zéphirin, fundi ya mabwato, Mungu akabapa Hervé, Gaëlle na Thandiwe.

Mwezi wa tatu 2021 akakuta kivimbe ku bele, titi ya kushoto, ikawa kansa, mwezi wa nane banganga ba lopitali ya Lusaka bakakata lile bele, bakamupa dawa za kuangusha nywele, akapata nguvu, akarudia nyumbani. Na hapa haya, ile aibu, ikaingia mu nyumba, lakini haikuwa ya Clotilde, ilikuwa ya bwana yake. Zéphirin alisemaka ku kanisa na ku soko eti bibi yake alipasuliwa tumbo, na kitenge ya ku kifua ingeonyesha bantu kama bele moja hakuna, kwa hiyo akamukataza kwenda kuanika ku mchanga, Clotilde akakaa ndani kama mugeni.

Mwaka 2022 munganga akapima damu, akakuta vitamini D iko chini kabisa, ile mwili inajitengenezea jua ikigusa ngozi, akasema bale bako nayo kidogo, kansa inaonekana kubarudilia zaidi, hata kama hakuna mwenye kujua kama ni hiyo inaileta, na vidonge vya ile vitamini vilikuwa vimekwisha ku lopitali, akae mu jua, mikono na miguu wazi. Zéphirin akatii, kweli alimupenda, akajenga lupango ya matete, uzio wa kuzunguka pande zote, kando ya maji, murefu, lakini soko iko juu ya mutelemuko, bantu banaangalia chini, basi akatandika na mikeka juu.

Clotilde akaingia, akaangalia juu. "Baba Hervé, jua iko wapi humu?"

"Joto haikufikii?"

"Inanifikia."

"Basi ni kitu kimoja."

Jirani Matildah akapita, akapiga kelele: "Shemeji, humo unafuga bibi ao kuku?" Soko yote ikacheka, Zéphirin naye akacheka, na kesho yake akaongeza mukeka ingine.

Wakarudia ku lopitali, vitamini ingali chini. Munganga akauliza: "Mama, unakaa ku jua?" Clotilde akaangalia bwana yake, akajibu: "Ndiyo, munganga." Alimufunika Zéphirin, kama vile Zéphirin alimufunika yeye.

Mwaka 2024 kansa ikarudia, mu mifupa. Zéphirin akauliza munganga kama ni mikeka yake, munganga akasema hata bale ba mu jua kila siku inabarudilia, hawezi kusema ndiyo, hawezi kusema hapana, na Zéphirin angeona afazali kupigwa. Clotilde alitutoka hapa hapa, tarehe 3 Juni 2025.

Tunashukuru banganga na banurse, majirani, na wewe Matildah, uliyemuosha kila asubuhi, na bamama ba chisense, leo hawakuanika kwa ajili yake.

Nani aliniambia haya yote? Zéphirin mwenyewe, jana, akiwa juu ya ile lupango, anang'oa mikeka, akasema: "Tante, soma yote, usinifunike." Ndiyo maana tumekaa humu mu lupango yake na jua inatuchoma vichwa. Clotilde, lala na amani yako, mwanga imeingia.