Siku Ndege Ilipoupita Mwisho wa Uwanja

Ndugu zangu, sifa ni kwa Bwana anayewavumilia hata wenye vyeti. Mimi, pamoja na cheti changu cha ngumbaru, masomo ya usiku ya watu wazima, niliamini kwa moyo wote kwamba ndege ndogo hutua kwa tumbo kwanza, kama bata, ndipo magurudumu yaguse chini. Kwa hiyo nyasi ndefu ni godoro lake. Habari hiyo ilitoka sokoni Garsen, na hakuna aliyeuliza ni nani kaona.

Ndiyo maana, mvua zilipokaribia, sisi wakulima tukawafukuza ng'ombe wa Waorma, majirani zetu wafugaji, kwenye uwanja wetu wa ndege. Miaka yote walichungwa pale, na nyasi zilikuwa fupi kama nywele za askari. Jirani yangu Guyo aliondoa mifugo yake bila ugomvi. Alisema tu, "Haya, msomi wa usiku. Laleni wenyewe kwenye godoro lenu." Nikacheka. Mvua ikanyesha, nyasi zikakua mpaka twiga angeweza kujificha.

Kisha Mto Tana ukavunja kingo. Barabara ikakatika pande zote, na mkondo ulikuwa ukimeza mitumbwi. Hapo ndipo mke wangu, Hadhara, alishikwa na uchungu, mtoto akiwa amekaa vibaya. Mkunga alinivuta kando. "Baba Rehema, huyu anahitaji kupasuliwa. Mimi hapa siwezi." Tukapiga simu, tukaahidiwa ndege asubuhi.

Ilikuja, ndugu zangu, nzuri kama njiwa wa Nuhu. Ikagusa nyasi zilizoloa, na haikusimama. Iliteleza kama sabuni, ikaupita mwisho wa uwanja, ikazama kwenye tope la shamba la mpunga. Nilipiga yowe ambalo nadhani lilisikika mpaka Ozi. Hadhara alikuwa amelala kwenye machela kando ya uwanja, akiona yote.

Rubani, mama mmoja mfupi aliyewahi kutua kwetu zamani, alishuka mzima. Akang'oa konzi ya nyasi, akaikamua maji mbele yetu.

"Breki hazishiki kwenye kitu hiki," akasema. "Ndege inataka nyasi fupi. Wale ng'ombe waliokuwa hapa wako wapi?"

Aliyekwenda kumwita Guyo ni mama mkwe wangu. Sisi wanaume tulikuwa bado tunaona haya. Guyo akaja na ndugu zake, mabegani wamebeba kamba za kutekea maji visimani. "Kumbe godoro lenu lina mashimo," akaniambia, kisha akavua viatu akaingia topeni. Wao wakavuta, sisi tukasukuma, wanawake wakafyeka nyasi uwanja mzima. Ndege ilipotoka, rubani aliikagua kila kona, akasema itaruka. Lakini ilipopaa na Hadhara, jua lilikuwa limeshavuka utosi.

Hadhara alipasuliwa, akapona. Mtoto wetu, wa kiume, hakulia.

Ndugu zangu, Bwana alimtoa mke wangu mdomoni mwa kaburi, na aliwatumia watu tuliowafukuza. Namshukuru, ingawa mpaka leo nikiona umande kwenye nyasi asubuhi moyo wangu unashuka. Nawe unayesoma, ukiwa kwenye tope lako, mwite Bwana umtumaini, na usichague mkono atakaokunyoshea. Huenda ni wa yule uliyemfungia njia.

Kwa muda mrefu nilipotoa ushuhuda huu nilisema Mungu alimchukua mtoto ili aniachie mama. Kanisa lilijibu amina, nami nikafarijika. Jumapili moja, tukirudi nyumbani, Hadhara akasimama njiani.

"Baba Rehema, usiseme hivyo tena," akasema. "Mungu hakufanya biashara na sisi. Mtoto alichelewa kufikishwa kwa daktari, basi."