Valvu Iliyokwama Barabara ya Njoro

Akina mama wenzangu, habari za asubuhi. Nitasimama, na mkiona nazunguka zunguka hapa mbele msidhani nataka kutoroka kabla ya kumaliza. Ndivyo nilivyo siku hizi. Mwenyekiti wa chama chetu ameniomba niseme kwa ufupi, lakini hapo sijamuahidi kitu.

Wengi mnanijua kama yule mama wa overoli. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, akanifundisha chuma kabla sijajua kusonga ugali ukaiva. Kazi yangu ni hedi za injini, kile kichwa cha juu zinamokaa valvu, kwenye karakana ya mzee mmoja wa Kisikh hapa mjini. Lori kuukuu likitoa moshi wa buluu, mara nyingi ni mafuta yanapenya kwenye valvu. Valvu hupanda na kushuka ndani ya kibomba kidogo ambacho mafundi tunakiita guide. Mimi natoa kile kilicholika, naingiza kipya cha shaba, natanua tundu lake polepole hadi valvu iteleze, halafu nachonga ncha yake ivae sili za kisasa za mpira, ambazo injini za zamani hazikutoka nazo kiwandani. Moshi unakatika. Ni kazi tamu, nawaambia ukweli.

Basi Desemba tukapiga kura, na mapigano yaliyofuata mnayajua. Sitayarudia, maana wengine wenu yaliwagusa kuliko mimi. Nilimpandisha binti yangu kwenye lori lililokuwa likisindikizwa na polisi, aende kwa nyanya yake Western. Nikamwambia nitamchukua mambo yakitulia.

Ndugu zangu, mambo yakatulia. Mimi ndiye sikutulia. Maduka yakafunguliwa, shule zikafunguliwa, mama yangu akawa anapiga simu kuuliza mtoto arudi lini, nami namwambia angoje kidogo. Mwishowe mtoto mwenyewe akaacha kuuliza, na hilo liliniuma kuliko yote. Nilikuwa naacha kazi katikati, natembea haraka mpaka kwangu Bondeni kuona kama nyumba bado ipo. Chai nakunywa nimesimama. Mtu akiangusha spana nyuma yangu, mimi nimeshafika mlangoni.

Sikujua kwamba ile hofu imeingia mpaka mikononi. Nilianza kubana kila kitu. Nafasi ambayo baba alinifundisha kuachia valvu, mimi naipunguza. Sili nachagua ile inayokaba zaidi. Napima, narudia kupima, najiona nimekuwa fundi hodari.

Akaja bwana mmoja wa Njoro mwenye lori la maziwa. Kabila lake silitaji. Kulikuwa na wakati nililiogopa, na pengine yeye aliliogopa langu. Nilitengeneza hedi yake bila kumtazama usoni. Haikuchukua muda, lori likamzimikia barabara ya Njoro na maziwa yamejaa. Valvu ilipata moto, ikavimba, ikakwama ndani ya guide, pistoni ikaigonga ikapinda.

Hedi ikarudishwa. Mzee wa karakana akajaribu kusukuma valvu nyingine kwa kidole, ikakataa. Mimi nikajua leo nafukuzwa. Badala yake akaongea pole pole.

"Mama, valvu inataka mafuta kidogo ipite. Wewe umeogopa moshi mpaka umenyima yeye kabisa. Hii si mkono yako, mimi najua. Nini iko?"

Nililia, akina mama. Nililia katikati ya zile grisi, nikasema yote, mpaka habari za mtoto. Bwana wa Njoro alikuwa amesimama hapo hapo akisikia. Nilingoja aseme anataka fundi mwingine.

"Atengeneze yeye," akasema. "Na aje afunge yeye mwenyewe kule kwangu."

Tangu Januari nilikuwa sijatoka nje ya mji. Kama angeniambia niende kufanyiwa operesheni ningekubali upesi zaidi. Lakini nilitanua zile guide upya kama baba alivyonionyesha, nikapanda gari lake. Njiani namtazama kila mtu aliyesimama kando ya barabara, na yeye anaongea tu habari za ng'ombe hadi nikakasirika. Tulipofika penye nyumba zilizoungua akapunguza mwendo. Akasema hata ya ndugu yake iliungua. Kisha akarudi kwa ng'ombe.

Nikafunga hedi, tukawasha. Ukatoka moshi kidogo, nami nikashika spana nifungue kila kitu tena. Akanizuia, akasema injini ipate moto kwanza. Ikapata moto, moshi ukaisha, ikanguruma vizuri. Mkewe akaleta chai, na nilipokuja kushtuka nimekaa kwenye kreti na kikombe ni kitupu.

"Huyo mtoto ako wapi sasa?" bwana akaniuliza.

"Bado kwa nyanya yake."

"Unangoja nini?"

Nilikuwa nangoja siku nitakayoamka bila kuogopa, na kumbe siku hiyo hakuna aliyeniahidi. Nikampigia mama yangu simu pale pale uani kwa watu, nikamwambia amlete.

Binti yangu aliposhuka steji hakunikumbatia kwanza. Aliuliza, "Tunakaa ama tutaenda tena?" Nikamjibu tunakaa. Nikachukua mkoba wake, tukashika njia ya nyumbani.

Namshukuru mzee wangu wa karakana. Namshukuru yule bwana na mkewe. Na nyinyi wa chama hiki, mliompeleka binti yangu shule kwa zamu zile asubuhi ambazo miguu yangu ilikataa kutoka nyumbani, Mungu awaone. Kama kuna mwenzetu amemweka mtu wake mbali mpaka mambo yawe sawa, namuomba ajiulize anangoja nini, na akikosa jibu apige simu leo. Mimi sitawadanganya, bado naogopa. Lakini saa hii mtoto wangu yuko darasani hapa hapa Nakuru, anasumbua mwalimu.