Kikombe cha Tatu cha Mama Aselefech

Addis Ababa, 30 Sene
Kwa Mama Aselefech Wondimu

Leo, mwezi wa Sene unapoisha na mwaka wa serikali unapofungwa, Mama Aselefech anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima hewa wanayovuta wafanyakazi viwandani. Tangu asubuhi maabara haikaliki! Keki imefika, na kila mtu anataka kuhutubu.

Pampu zake za kuvuta hewa amezipa majina. Ile inayogoma huitwa Mkwe. Sampuli huzipakata garini kama mayai. Wenye viwanda humwogopa zaidi anapotabasamu.

Lakini siku yake kubwa ni ile ya karakana ya viatu karibu na Merkato. Tulikuwa tumetoka kumzika mdogo wangu Mulat, fundi wa pale, aliyeuawa na saratani ya damu. Mama Aselefech alikuja kuhani, akaketi nami kwenye hema la msiba, akauliza kwa upole Mulat alikuwa akibandika soli kwa gundi gani. Hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Na wenzake bado walikuwa kwenye benchi lile lile.

Mimi na yeye tulipofika kupima hewa, mwenye karakana, Ato Dagnachew, alikuwa amefungua madirisha yote. Hewa safi kama ya mlimani.

"Pimeni upesi, mama, msichelewe kurudi," akasema.

Uani kahawa ilikuwa inachemka. "Niondoke kahawa ikiwa jikoni?" Mama Aselefech akavua koti. "Mwanangu, wewe ulilelewa na nani?"

Akanywa abol, kikombe cha kwanza, taratibu. Akanywa tona, cha pili, akisifia bisi. Kabla ya kikombe cha tatu, kile cha baraka, mafundi wakaanza kupiga kelele: "Bosi, vumbi linaganda kwenye gundi! Nani atanunua viatu hivi?"

Madirisha yakafungwa, kama siku zote. Harufu ikatukaba. Ndipo Mama akawafunga mafundi pampu kwenye kola, akaketi tena. "Haya, leteni baraka. Sina haraka."

Majibu yalitoka: benzeni, kemikali inayoleta saratani ya damu, ilikuwa imepita kiwango cha sheria kwa mbali. Gundi ikabadilishwa, feni za kutoa hewa zikafungwa, mafundi wote wakapimwa. Fundi Worku, ambaye damu yake ilikuwa imeanza kuharibika, aliwahi matibabu. Jana kaleta zawadi aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe: viatu vyekundu!

Mama, vivae, utembee mpaka uchoke. Asante kwa swali lile la hemani. Mungu akupe afya na siku nyingi za raha. Na kila ukifika kikombe cha tatu, mkumbuke Mulat, utukumbuke na sisi.

Zenebech, maabara ya hewa